Hasara Isiyoingia Daftarini: Maafa ya Asili na Maisha ya Wanawake Afrika Mashariki

Mafuriko, ukame, maporomoko ya tope, matetemeko na milipuko ya volkano huitwa maafa ya asili kwa kuwa chanzo chake ni mvua, ardhi au moto ulio chini yake. Ukubwa wa madhara, hata hivyo, hauamuliwi na asili peke yake. Maji yaliyofurika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam Desemba 2011 yaliingia katika kila chumba cha Jangwani bila kuchagua. Kilichotofautiana ni nani alikuwemo chumbani saa ile, nani alikuwa na mtoto mgongoni, chumba kilikuwa cha nani, na mtaji uliosombwa ulikuwa wa nani. Anayetaka kujua maafa yanavyomgusa mwanamke hana budi kuanzia siku nyingi kabla ya janga, aangalie kazi, mali na kauli vilivyogawanywa ndani ya nyumba.

Maafa yenyewe huja kwa mwendo wa aina mbili. Mengine hupiga mara moja: asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliporomokea mji wa Katesh na vijiji jirani mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mengine hukaa. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 katika Pembe ya Afrika uliondoka na misimu mitano ya mvua mfululizo, na kaskazini mwa Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Janga la ghafla huvuta kamera, viongozi na misaada. Ukame hauna siku ya kwanza ambayo mtu anaweza kuitaja, nao hula akiba ya nyumba kidogo kidogo: kwanza kuku, kisha sufuria nzuri, kisha ada ya shule, mwishoni binti. Kwa maisha ya wanawake, janga hili la polepole ndilo baya zaidi, ingawa ndilo lisilopigwa picha.

Katika vifo, tofauti ya jinsia imepimwa. Eric Neumayer na Thomas Plümper walichunguza nchi 141 kwa miaka ya 1981 hadi 2002, wakaona kwamba maafa hupunguza umri wa kuishi wa wanawake kuliko wa wanaume, na kwamba pengo hilo hufifia kadiri hali ya wanawake kiuchumi na kijamii inavyokuwa nzuri. Mfano unaotajwa sana ni Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Katika vijiji kadhaa vilivyohesabiwa, waliosalia walikuwa wanaume kwa wingi. Wavuvi walikuwa baharini, ambako wimbi hupita bila kimo kikubwa, na wengine walikuwa safarini kikazi. Wake zao walikuwa nyumbani ufukweni na watoto. Wengi wao hawakujua kuogelea wala kupanda miti, na mtu aliyebeba watoto wawili hakimbii kama aliye mikono mitupu. Hii si kanuni ya kila mahali. Mto unapofurika, mara nyingi mwanamume ndiye anayejaribu kuuvuka ili afike kazini au aokoe ng'ombe, naye ndiye anayezama. Kila upande hufia pale ulipowekwa na mgawanyo wa kazi.

Suala la kuogelea halihusu vifo peke yake; linagusa pia mkate wa kila siku. Visiwani Zanzibar, kilimo cha mwani kilichoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 kimekuwa mikononi mwa wanawake tangu mwanzo. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ikaanza kuugua na kufa, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ya chini. Kotonii bado ingeweza kustawi kwenye maji marefu zaidi, yenye ubaridi. Lakini huko kunahitaji mashua na kujua kuogelea, vitu viwili ambavyo wasichana wa pwani hawakupewa. Bahari ilibadilika kwa wote. Njia ya kuifuata ilikuwa wazi kwa baadhi.

Hasara ya kwanza isiyoandikwa ni muda. Kiangazi kinapokaza Turkana au Marsabit, visima vya karibu hukauka na wanawake huchimba mashimo kwenye mchanga wa mito mikavu, wakisubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe hadi dumu lijae. Saa zinazoongezeka hapo hutolewa mahali pengine: kwenye biashara ndogo, kwenye bustani, kwenye usingizi, kwenye masomo ya binti anayeachiwa wadogo zake. Mafuriko huleta uzito uleule kwa njia ya pili. Vyoo hufurika, kisima huchanganyika na uchafu, kipindupindu huingia, na aliyeugua huhudumiwa na mama, dada au mke, ambaye kwa siku hizo hafanyi kazi yake ya kipato. Kuni zilizolowa nazo haziwaki.

Miongoni mwa wafugaji, ukame hupasua nyumba vipande viwili. Wanaume na vijana huhama na mifugo yenye nguvu kutafuta malisho. Wanawake, wazee na watoto hubaki na wanyama wachache dhaifu. Maziwa nayo huondoka na kundi. Katika jamii za Waborana, Wasomali na Wamaasai, ng'ombe ni wa mwanamume mbele ya ukoo, lakini maziwa husimamiwa na mke: yeye hukamua, hugawa nani anywe kiasi gani, huuza yaliyozidi na kununua sukari na majani ya chai. Ng'ombe akifa, mume amepoteza mali na mke amepoteza kipato cha kila siku, chakula cha watoto na kauli aliyokuwa nayo nyumbani kwake. Takwimu za mizoga huandika hasara ya kwanza tu.

Mjini, sura ya hasara ni mtaji. Mama lishe aliyefurikiwa hupoteza sufuria, jiko, gunia la mkaa, mchele wa wiki na wateja wa mwezi mzima. Mwenye genge hupoteza nyanya na vitunguu alivyokopa kwa mwenye jumla. Mama fua wa Mathare au Mukuru, Nairobi, hana bidhaa ya kupoteza, lakini kazi yake hutegemea kufika kwa tajiri wake asubuhi akiwa mzima na safi, jambo gumu kwa aliyelala juu ya meza maji yakipita chini. Goma nayo ina mfano wake. Biashara ndogo ya kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na kurudi hufanywa zaidi na wanawake, wanaoishi kwa faida ya siku hiyo hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na wakazi wengi kuamriwa siku chache baadaye waondoke mjini, mfanyabiashara wa aina hiyo aliondoka na watoto na kilichokuwamo kwenye khanga. Mtaji wa namna hii hauna bima, hauna stakabadhi, na mara nyingi hukaa ndani ya bidhaa zenyewe: ukisombwa, hakuna kinachobaki benki.

Kinachobaki ni deni. Wanawake wengi wa mijini Tanzania huendesha biashara kwa mikopo ya marejesho ya kila siku au kila wiki, ile inayoitwa kausha damu, ambayo dhamana yake ni vyombo vya ndani: televisheni, friji, kochi, kitanda. Mafuriko hulowesha dhamana na mtaji kwa pamoja, lakini siku ya rejesho haihami. Mkopo ukiwa wa kikundi, wenzake hulazimika kumlipia, na udugu wa miaka huisha kwa ugomvi wa mlangoni. Ukiwa umechukuliwa bila mume kujua, mafuriko huanika siri hiyo kwa wakati mbaya kuliko wote.

Kikoba ni afadhali, kwa kuwa fedha ni za wanachama wenyewe: hununua hisa kila wiki, huziweka kwenye sanduku lenye kufuli kadhaa, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana, na hutenga mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba. Mfumo huu umewasitiri wanawake kuliko chombo kingine chochote cha fedha kilichowahi kufika kijijini. Una udhaifu mmoja ambao maafa huugusa palepale. Kikoba hujengwa juu ya matumaini kwamba shida haibishi hodi kwa wanachama wote siku moja. Mmoja akifiwa, ishirini na tisa humchangia. Mto ukipita katika nyumba zote thelathini usiku mmoja, hakuna wa kumchangia mwenzake. Kila mmoja anataka kutoa na hakuna anayeweka, na kikundi huvunjika hasa katika mwezi ambao kilihitajika.

Baada ya janga huja daftari. Maofisa hupita wakiandika nyumba zilizoanguka, ekari zilizozama, mifugo iliyokufa, na jina la mkuu wa kaya. Kila neno katika orodha hiyo huelekea upande mmoja. Nyumba huandikwa kwa mwenye nyumba, kumbe mpangaji ndiye aliyepoteza vyombo. Ekari huandikwa kwa mwenye shamba, wakati bustani ya mchicha iliyolimwa na mkewe pembezoni haitajwi. Kuku, ambao katika nyumba nyingi ndiyo benki ya mwanamke, huachwa kwa kuwa ni wadogo. Hata bima iliyobuniwa kwa ajili ya ukame ina mpaka huo. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010, inayotumia picha za setilaiti kupima ukavu wa malisho na kulipa bila kuhesabu mizoga, ilihusu ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni ubunifu wa kusifiwa, nao uliwafikia wanawake wenye mbuzi. Kuku na biashara ya maziwa vilibaki nje.

Neno "kaya" peke yake huficha mengi. Wakati wa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 Kenya, wakazi wa kingo za mito Nairobi walibomolewa nyumba zao, na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya. Kiasi kimoja kwa kaya hakisemi fedha zitashikwa na nani. Mwanamume mwenye wake wawili katika nyumba mbili ni kaya moja au mbili? Mke aliyeachwa bila talaka yumo katika kaya ya nani? Mjane anayeshika eda kwa miezi minne na siku kumi, ambaye hapendi au haruhusiwi na nduguze kusimama kwenye foleni ya uwanjani, jina lake litaitwa na nani? Maswali haya huonekana madogo ofisini, lakini ndiyo huamua nani atakula.

Uhamisho wa makazi hufuata mkondo uleule. Baada ya mafuriko ya 2011, waliotolewa Jangwani walipewa viwanja Mabwepande, kando kabisa ya jiji. Kwa mtu mwenye mshahara, kiwanja ni mali. Kwa mwanamke anayeuza chakula Kariakoo, kilikuwa nauli mpya ya kwenda na kurudi, saa mbili za barabarani, na watoto wasio na jirani wa kuwaangalia. Baadhi ya familia zilirejea bondeni, na ni rahisi kuziita kaidi mtu asipopiga hesabu hiyo.

Ardhi nayo huzidisha hofu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa maelfu ya nyumba Bukoba na maeneo jirani. Mkoa huohuo una historia ndefu ya ardhi ya ukoo, ambayo kwa mila za Wahaya mwanamke aliruhusiwa kuitumia lakini si kuiuza. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba katazo hilo linapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka usawa wa haki kwa mwanamke. Hukumu na sheria zipo. Ukoo nao upo. Mjane anayejenga upya nyumba iliyoanguka kwenye kibanja cha marehemu mumewe huweka tofali juu ya ardhi ambayo shemeji zake wanaweza kuidai kesho. Mume akipotea ndani ya tope bila mwili kuonekana, kama ilivyotokea kwa familia kadhaa za Maai Mahiu Aprili 2024, ugumu huongezeka: hakuna cheti cha kifo, na sheria ya Kenya humdhania mtu amekufa baada ya miaka 7 bila habari zake. Katika miaka hiyo mke si mke na si mjane.

Ndoa za mapema zinastahili kuangaliwa kwa kina, kwani hapa uchumi na mila hushikana mikono waziwazi. Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena, katika utafiti uliochapishwa 2020, walilinganisha Afrika kusini mwa Sahara na India. Ukame uliongeza uwezekano wa binti kuolewa kabla ya miaka 18 kwa takriban asilimia 3 upande wa Afrika, na kuupunguza kwa asilimia kama 4 upande wa India. Njaa ni ileile na wazazi wanampenda mwana kwa kiasi kilekile. Kinachotofautiana ni mahari inatoka wapi kwenda wapi. Afrika hutolewa na upande wa mume, hivyo binti akiolewa nyumba hupata mifugo au fedha na hupungukiwa na mdomo mmoja wa kulisha. India hutolewa na upande wa mke, hivyo mzazi aliyekaukiwa shamba huahirisha harusi. Tanzania, Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini vinakiuka Katiba. Kenya iliweka miaka 18 katika sheria yake ya 2014. Sheria hizo ni za lazima kabisa. Lakini baba aliyebakiwa na mbuzi watatu hasomi sheria, anahesabu. Binti naye halipi kwa mwaka mmoja wa njaa. Hulipa kwa shule aliyoiacha, kwa uzazi wa mapema, na kwa maisha yote katika ndoa iliyofungwa kwa bei ya kiangazi.

Ngono ya kubadilishana kwa chakula au fedha hufuata njia hiyohiyo. Utafiti wa Marshall Burke na wenzake katika nchi 19 za Afrika ulikuta kwamba, vijijini ambako VVU imeenea, kila ukame wa karibuni uliambatana na ongezeko la maambukizi la asilimia 11. Mvua iliyokosekana huonekana hospitalini miaka baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka msimu ulioileta.

Wanawake wazee ndio wanaosahaulika zaidi, na wamelipa kwa damu. Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wilaya iliyokuwa mkoa wa Shinyanga na sasa imo Simiyu. Katika miaka ya mvua isiyo ya kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi vikongwe, na mara nyingi mkono uliohusika ulikuwa wa ndugu. Macho mekundu yaliyochukuliwa kuwa dalili ya uchawi ni macho ya mtu aliyepikia kuni na samadi kavu maisha yake yote: kazi aliyoifanyia familia ndiyo iliyogeuzwa ushahidi dhidi yake. Imani ya uchawi ilikuwepo hata mvua iliponyesha vizuri. Kilichobadilika katika mwaka mbaya ni idadi ya sahani, na nani alionekana kula bila kuzalisha.

Kambini, madhara ni ya mwili. Mimba haingoji maji yapungue, na mama anayejifungulia darasani, kwenye shule iliyogeuzwa makazi, yuko mbali na mkunga, damu na dawa. Hedhi huja bila taulo za kike, bila maji, bila mlango wa kufunga. Vyoo vilivyowekwa gizani mwishoni mwa uwanja huwafanya wanawake wapunguze kunywa maji mchana ili wasitoke usiku. Taa moja na komeo la ndani hugharimu kidogo sana kulinganisha na mateso yanayozuia.

Ingekuwa upungufu kuishia hapo, kwa kuwa maafa pia hufungua milango. Mume akiwa mbali na mifugo, mke huamua lini kuuza mbuzi na nani aende zahanati, na uamuzi huo haurudi wote mikononi mwa mume anaporejea. Ukambani, vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, vimechimba matuta yaliyozuia udongo kuondoka na mvua katika milima ya Machakos. Katika delta ya Rufiji na bonde lake, wakulima wanawake wanajua kupanda mlau, mazao yanayostawi katika unyevu unaoachwa na mto uliorudi nyuma. Kwao furiko la kadiri ni mbolea, na furiko kubwa kama la Aprili 2024 ndilo janga. Maarifa haya hayana budi kuwa na kiti katika kamati za maafa za vijiji.

Misaada iliyofanya kazi vizuri zaidi ni ile iliyomfikia mtu kwa jina lake kabla hajauza chombo cha mwisho. Mpango wa kupambana na njaa wa kaskazini mwa Kenya, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, hulipa fedha taslimu kwa akaunti na unaweza kupanuliwa setilaiti zinapoonyesha malisho yamekauka. Pensheni ya wazee haikutungwa kwa ajili ya maafa, lakini inagusa kiini chake. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilianza mwaka 2018 kulipa shilingi 2,000 kwa wenye umri huohuo. Miguel mwenyewe, akiandika kuhusu Meatu, aliona pensheni kuwa kinga inayowezekana dhidi ya mauaji ya vikongwe. Fedha huingia nyumbani kila mwezi kwa jina la bibi, mvua ikinyesha au isiponyesha, na katika mwaka wa njaa yeye ndiye mwenye kipato cha uhakika.